Kuhariri mwandiko wa mkono kwenye tableti na kompyuta ya kalamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wale wanaoandika noti zao kwa kalamu juu ya skrini hapa Lubumbashi: wanafunzi wa kampasi ya Kasapa, walimu, wauguzi, mafundi wa migodi, makatibu wa mikutano. Mengi yanahusu kazi inayokuja baada ya kuandika, yaani kusahihisha, kupanga upya, kutafuta na kuchapisha.

Kuhariri kwenye skrini kunatofautianaje na kufuta kwa gome (raba) kwenye kaye (daftari)?

Kompyuta haihifadhi picha ya ulichoandika. Kila unapogusisha kalamu na kuiinua tena, programu hurekodi msururu wa nukta: mahali pa kila nukta, nguvu ya mkono wako, na mara nyingi mwinamo wa kalamu na wakati. Msururu huo mmoja hapa tutauita mvuto. Herufi "l" ni mvuto mmoja, "t" ni miwili. Neno "kitabu" lililoandikwa kwa herufi zilizoachana lina mivuto minane au tisa, kutegemea unavyoandika "k" yako.

Ukilishika jambo hilo, karibu kila tatizo lililoelezwa hapa chini litaeleweka. Mvuto unaweza kusogezwa, kubadilishwa rangi, kupunguzwa ukubwa, kufutwa peke yake bila kugusa jirani yake. Picha ya kaye iliyopigwa kwa simu haina mivuto ndani yake, ina madoa ya rangi tu, ndiyo maana huwezi kuihariri kwa namna hii hata ukiifungua kwenye programu ileile.

Nichague kalamu gani?

Kuna aina tatu sokoni. Ya kwanza haihitaji betri kwa kuandika: chini ya kioo cha tableti kuna wavu wa nyaya unaotoa nguvu ya sumaku na kuipa kalamu uhai. S Pen ya Samsung na kalamu za Wacom hufanya hivyo. Ya pili ina betri ndani, kama Apple Pencil na kalamu za kompyuta za Surface. Ya tatu ni ile ya bei ndogo yenye ncha ya mpira. Hiyo ya tatu kwa skrini ni kidole tu. Haijui nguvu ya mkono, na programu haiwezi kuitofautisha na kiganja chako, kwa hiyo kiganja kikigusa kioo kinaandika nacho.

Kalamu hazibadilishani. Apple Pencil haiandiki kwenye Samsung, wala S Pen kwenye iPad. Hata ndani ya Apple kuna tofauti: ile ya USB-C iliyotoka 2023 haipimi nguvu ya mkono, wakati ile ya kwanza ya 2015 inapima. Kabla ya kulipa, fanya majaribio manne palepale dukani. Laza kiganja kwenye kioo ukiandika sentensi nzima. Andika neno moja kwa mkono mwepesi, kisha kwa mkono mzito. Chora mstari wa mshazari polepole ukifuata rula, uone kama unayumba. Halafu andika kwenye pembe zote nne za skrini, maana kioo kilichobadilishwa kwa fundi mara nyingi hufa kwenye kingo kwanza.

Nimeruka neno katikati ya sentensi. Nitaliingizaje?

Hili ndilo swali la kila siku, na jibu linategemea kama programu inajua mistari au haijui.

Programu nyingi hazijui. Kwao ukurasa ni uwanja wenye mivuto iliyotawanyika. Hapo utafanya kazi kwa mkono: chukua chombo cha kuchagua, kile cha kitanzi, zungushia maneno yote kuanzia pale neno linapotakiwa hadi mwisho wa mstari, yasukume kulia, andika neno lako kwenye pengo. Kama maneno ya mwisho yametoka nje ya ukingo, yazungushie hayo tu, yapeleke mwanzo wa mstari wa chini baada ya kusukuma mstari huo nao. Kwa neno moja inavumilika. Kwa maneno matatu kwenye aya ya mistari kumi, utachoka na utaanza kukosea.

Programu chache zinajua mistari na husukuma zenyewe. Write ya Stylus Labs ni mojawapo: ukifungua nafasi katikati ya mstari, maneno yaliyobaki huteremka mstari kwa mstari kama kwenye programu ya kuchapa, na mwandiko unabaki wako. Nebo nayo hufanya hivyo. Zote mbili zinakutaka uandike kwa kufuata mistari ya ukurasa. Anayeandika kwa kupanda na kushuka ataona maneno yake yanapangwa katika mstari usio wake. Apple imeongeza kwenye iPad, tangu iPadOS 18 ya 2024, uwezo wa mwandiko kupisha neno jipya, ila kwa lugha chache.

Ushauri wetu: wakati wa somo usihariri kabisa. Weka alama ya paa dogo (^) pale neno linapokosekana, liandike juu yake au pembeni, endelea kumsikiliza profesa. Ukirudi nyumbani ndipo usukume. Mwanafunzi anayepanga ukurasa wakati mwalimu anaongea hupoteza somo ili apate ukurasa mzuri.

Na kama ni aya nzima?

Hapo ni rahisi zaidi. Karibu kila programu ina chombo cha kufungua nafasi ya wima. Kwenye OneNote yenye menyu za Kifaransa kinaitwa "Insérer un espace", kipo kwenye kichupo cha "Insertion". Unashika pale unapotaka pengo lianze, unavuta chini, na kila kilichopo chini kinateremka pamoja: mwandiko, michoro, picha. Ukivuta juu, pengo linafungwa.

Kosa la kawaida hutokea kwenye programu zenye kurasa za A4, kama Xournal++. Yaliyo chini kabisa hayahamii ukurasa unaofuata yenyewe, yanasukumwa nje ya karatasi. Kabla ya kufungua pengo kubwa, zungushia mistari ya mwisho, ikate, ongeza ukurasa mpya, ibandike huko.

Kifutio kipi ni salama?

Kuna viwili. Kimoja hufuta mvuto mzima ukiugusa tu. Kingine hufuta pale ncha ilipopita, kama gome ya kweli. Kwa maneno tumia cha kwanza, kwa michoro cha pili.

Sababu ni hii: kifutio cha pili kikipita katikati ya mvuto huukata vipande viwili. Ukisugua sugua neno, unabakiza vipande vidogo visivyoonekana ambavyo kitanzi kitavishika baadaye, na programu ya kutambua mwandiko itavisoma kama nukta na koma. Lakini kwenye mchoro wa moyo au wa shimo la mgodi, ambapo mstari mrefu umezidi sentimita moja, hutaki mstari wote upotee. Anayeandika kwa herufi za kushikana naye awe mwangalifu: neno zima linaweza kuwa mvuto mmoja, ukigusa herufi ya mwisho linaondoka lote.

Kitanzi changu kinashika mikia ya herufi za mstari wa juu. Nifanyeje?

Mikia ya g, j, y na p hushuka kwenye mstari unaofuata, na Kiswahili kina j, y na p kila mahali. Programu hazifanani: nyingine huchukua mvuto uliomo wote ndani ya kitanzi, nyingine huchukua hata ulioguswa kidogo. Jaribu yako kwa neno moja ujue iko upande gani. Kama inachukua kilichoguswa, usizungushie kwa nje, pita katikati ya herufi. Kama inataka mvuto mzima, zungushia kwa nafasi. Kwenye Notes ya iPad huhitaji kitanzi hata kidogo: gusa neno mara mbili linachaguliwa.

Dawa ya kudumu ni mistari mipana. Chagua karatasi yenye nafasi ya milimita 8 hadi 10. Karatasi ya skrini hailipiwi.

Nikipunguza ukubwa wa mwandiko unakuwa madoa. Kwa nini?

Kwa sababu programu nyingine hupunguza urefu wa mivuto bila kupunguza unene wake. Herufi zimekuwa nusu, wino umebaki uleule, matundu ya "a" na "e" yanazibika. Baada ya kupunguza, chagua maneno hayo tena na uyape kalamu nyembamba zaidi.

Nibadilishe mwandiko uwe herufi za chapa?

Pale tu mtu mwingine atakapohitaji kuchapa au kunakili: barua, ripoti ya kikao, orodha ya vifaa. Noti zako mwenyewe ziache kwa mkono. Kubadilisha kunapoteza mishale, mabano, michoro na mpangilio wa pembeni, na ndivyo vitu vilivyokufanya uandike kwa kalamu.

Ukiamua kubadilisha, anza na lugha. Programu haisomi herufi peke yake, inakisia neno kwa kamusi ya lugha uliyoichagua. Noti za hapa kwetu huchanganya: kichwa Kifaransa, maelezo Kiswahili, neno la kitaalamu tena Kifaransa. Ukiweka Kifaransa, programu italazimisha maneno ya Kiswahili yafanane na ya Kifaransa. Tenganisha: zungushia sehemu za Kifaransa, zibadilishe, kisha geuza lugha na ufanye zilizobaki. Kama Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha za programu yako, sehemu za Kiswahili zichape kwa vidole, utamaliza haraka kuliko kusahihisha.

Tatizo la pili ni urefu wa maneno yetu. "Tutawapelekea" ni neno moja, lakini mkono huinuka katikati, na programu inaona "tuta wapelekea". Kwenye Nebo unaunganisha kwa kuchora mstari wa wima kwenda juu kwenye pengo, na unatenganisha kwa mstari wa kwenda chini. Kwingine lichague neno lote pamoja kabla ya kubadilisha.

La tatu linatokana na kuhariri kwenyewe. Utambuzi mwingi hutumia mpangilio wa wakati: mvuto upi ulitangulia. Ukirudi kesho yake kuongeza herufi moja ndani ya neno, kwa programu herufi hiyo imeandikwa mwisho kabisa. Likisomwa vibaya, futa neno zima uliandike upya. Kulipiga viraka hakusaidii.

Kutafuta neno ndani ya mwandiko kunafanya kazi kwa Kiswahili?

Kunafanya kazi ukitafuta mzizi. Usitafute "wanafundisha", tafuta "fundish", utapata anafundisha, tulifundishwa, mafundisho. Hata hivyo mwandiko wa haraka husomwa vibaya, kwa hiyo kila ukurasa uupe kichwa cha kuchapa: somo, tarehe, mada. Sekunde kumi hizo zitakuokoa wakati wa mitihani.

Ninaandika juu ya silabusi ya PDF. Kuna hatari gani?

Mbili. Kwenye Xournal++ faili yako ya .xopp huhifadhi mivuto na kukumbuka tu mahali PDF ilipo. Ukihamisha PDF kwenda folda nyingine, au ukampelekea mwenzako .xopp peke yake, mandhari inapotea na maneno yako yanaelea kwenye weupe. Weka faili zote mbili folda moja na uzihamishe pamoja, au tangu mwanzo chagua kuambatisha PDF ndani.

Ya pili ni kusafirisha. Ukishatoa PDF mpya yenye maandishi yako, mara nyingi mivuto hiyo haihaririki tena. Toa PDF kwa ajili ya kutuma, lakini usifute faili ya asili.

Nimefunika jina la mgonjwa kwa rangi nyeupe. Limefutika?

Hapana. Kifutio cheupe, kama kile cha Xournal++, huongeza mvuto mweupe juu ya mvuto mweusi. Wa chini bado upo, na mtu akifungua faili anaweza kuondoa weupe na kusoma. Wauguzi na wahasibu wazingatie hili kwa dhati. Jina, namba ya simu au mshahara lazima vifutwe kwa kifutio cha mvuto. Kama vimo kwenye PDF ya nyuma, toa ukurasa huo kama picha baada ya kufunika, kisha tuma picha.

Mistari inatetemeka na nukta zinajiandika zenyewe. Ni kalamu imeharibika?

Kwanza chomoa chaja. Chaja hafifu, au umeme wa gurupu (jenereta) usiotulia, huingiza kelele za umeme kwenye kioo, na kioo kinaona miguso isiyokuwepo. Tatizo likiisha ulipochomoa, badilisha chaja. Chaja nyingi zinazopitia mpaka wa Kasumbalesa zina pini tatu bapa za Zambia, na adapta iliyolegea kwenye soketi zetu za matundu ya mviringo huongeza tabu hiyo.

Kama halikuisha, ondoa kifuniko. Vifuniko vyenye sumaku huvuruga kalamu za aina ya kwanza: utaona sehemu moja ya skrini ambapo wino unakimbilia pembeni. Kisha kagua ncha: iliyochakaa upande mmoja hukwaruza na kukata mistari. Ya Apple Pencil hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, ya S Pen huvutwa kwa kibanio chake.

Kama wino unatokea kando ya ncha kwa umbali uleule kila mahali kwenye Windows, fungua "Paramètres du Tablet PC", chagua "Calibrer", na uguse misalaba inayojitokeza ukiwa umeshika kalamu kama unavyoandika siku zote, siyo wima. Na kama ni mistari ya mshazari tu inayoyumba ukichora polepole, hiyo ni tabia ya baadhi ya kalamu zenye betri. Chora kwa kasi zaidi kidogo, au tumia rula ya ndani ya programu.

Vumbi letu jekundu linadhuru?

Ndiyo, hasa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa. Chembe ikibanwa kati ya ncha na kioo inakwaruza. Pangusa kioo kabla ya kuandika kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo, usitumie javel. Filamu yenye mguso wa karatasi inalinda kioo, lakini inakula ncha haraka zaidi, basi nunua ncha za akiba pamoja nayo.

Umeme ukikatika au betri ikiisha, kazi inapotea?

Tableti huhifadhi zenyewe kila wakati. Kwenye kompyuta hakikisha: Xournal++ ina uhifadhi wa moja kwa moja kwenye mipangilio, upange kila dakika 3. Kumbuka pia kwamba uwezo wa kurudisha nyuma ulichokosea huisha programu ikifungwa. Kabla ya kupanga upya sura nzima, tengeneza nakala ya faili. Wenye Apple Pencil ya kwanza: sekunde 15 za kuchaji kwenye iPad zinatosha kuandika karibu nusu saa.

Ninatumia tableti na kompyuta, na mega (data ya intaneti) ni ghali. Nifanyeje?

Usihariri ukurasa mmoja kwenye vifaa viwili kabla havijaonana kwa intaneti. Vikikutana vitaleta nakala mbili zinazogombana, na mivuto haichanganyiki kama maneno ya chapa: utalazimika kulinganisha kwa macho. Amua kifaa kimoja kuwa cha kuandikia, kingine cha kusomea. Kuhamisha faili tumia waya wa USB, hakuli mega hata moja.

Ukubwa wa faili usikutishe. Kalamu ikichukua nukta 200 kwa sekunde na ikagusa kioo dakika 5 katika ukurasa, ni nukta 60,000, ambazo programu hupunguza na kubana. Picha za kamera ulizobandika katikati ya noti ndizo zinazojaza nafasi. Zipunguze kabla ya kuzibandika.

Nitumeje noti kwenye WhatsApp, na nichapishe vipi?

Tuma PDF kama hati. Ukituma picha, WhatsApp huibana, na herufi nyembamba zinafifia. Kabla ya kupeleka kwenye fotokopi angalia mambo mawili. Kama unaandika kwenye mandhari nyeusi, fungua PDF uone kama wino mweupe umegeuka mweusi, maana programu nyingine haziugeuzi na karatasi itatoka tupu. Na kama unatumia OneNote, ukurasa wake hauna mwisho, hivyo printa hukata katikati ya maneno. Weka A4 tangu siku ya kwanza.

Hii ni teknolojia mpya?

Hapana. Taasisi ya utafiti ya RAND ya California ilikuwa na bamba la kuandikia kwa kalamu mwaka 1964, na watafiti wake walifuta kwa kukwaruza juu ya neno, kama programu nyingi zinavyofanya leo. Tableti ya GRiDPad ilitoka 1989, Newton ya Apple 1993, Windows ya Tablet PC 2002. Kilichobadilika zaidi ni bei na wembamba wa kioo.

Ninaweza kuhamia programu nyingine bila kupoteza uwezo wa kuhariri?

Mara chache. Kuna muundo wa pamoja wa wino, InkML, uliopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2011, lakini programu nyingi za noti hazifungui faili za wenzake. Faili ya .sdocx ya Samsung Notes haitafunguka kwenye Goodnotes. Write huhifadhi kwa SVG (muundo wa wazi wa michoro), na .xopp ni XML (maandishi ya kawaida yenye alama) iliyobanwa kwa gzip, kwa hiyo hizo mbili zinasomeka hata programu zenyewe zikitoweka. Kwa nyingine zote, mwisho wa kila muhula toa PDF ya kila kaye, uiweke pamoja na faili ya asili kwenye flashi isiyokaa ndani ya begi moja na tableti.